Madai 380 dhidi ya riwaya moja

Nikipata riwaya yenye maelezo ya mwandishi mwishoni, naanzia huko. Kazi yangu ni kuhariri hadithi za watu, na mara nyingi nataka kujua kitabu kilipitia mikono gani kabla sijajua kinasema nini. Ndivyo nilivyoingia kwa mlango wa nyuma katika Piknik na obochine ya ndugu wawili wa Kirusi, Arkady na Boris Strugatsky, ambayo kwa Kiingereza inauzwa kwa jina la Roadside Picnic, yaani pikiniki kando ya barabara. Kabla sijamjua mhusika hata mmoja, nilikuwa nimeshakutana na tarakimu tatu: 93, 36, 251.

Hiyo ni idadi ya madai. Shirika la uchapishaji la Molodaya Gvardiya, lililokuwa chini ya umoja wa vijana wa chama cha Kikomunisti, liliwaletea waandishi orodha ya mambo ya kurekebisha kwenye mswada, nayo ilikuwa imepangwa kwa mafungu. Mwenendo wa wahusika usio na maadili: 93. Vitendo vya kupigana na kuumizana: 36. Maneno machafu na ya mitaani: 251. Jumla 380, na kitabu chenyewe ni chembamba, unakimaliza mwisho wa wiki mmoja na bado unapata muda wa kufua.

Mimi nimesharudisha miswada iliyojaa wino mwekundu mpaka mwandishi akanuna mwezi mzima, kwa hiyo sitajifanya mtakatifu. Ila kuyagawa marekebisho kwa mafungu, kisha kuyahesabu, kisha kuweka idadi kwenye mabano, hilo si jambo la mhariri. Anayefanya hivyo anaandaa kesi.

Kisa chenyewe kwa ufupi, bila kuharibu mwisho. Viumbe kutoka anga za mbali wamepita duniani, wamekaa kidogo, wameondoka. Hawakusema na mtu yeyote, hawakuteka nchi, hawakutufundisha kitu. Wameacha maeneo sita yaliyojaa vitu visivyoeleweka, na moja kati ya hayo liko kando ya mji wa kubuni uitwao Harmont. Serikali inaweka uzio, kunawekwa taasisi ya kimataifa ya utafiti, na usiku wanaume wa mjini wanajipenyeza ndani kuiba chochote kinachouzika. Hao ndio stalka. Mmoja wao ni Redrick Schuhart, kijana mwekundu wa nywele, mlevi, mkali wa mdomo, na tunamfuata kwa miaka kama minane, anavyooa, anavyofungwa, anavyopata mtoto ambaye Eneo limemgusa kabla hajazaliwa.

Jina la riwaya linatokana na maelezo ya mwanasayansi mmoja, Daktari Pilman, mshindi wa Nobel anayeeleza mambo haya akiwa na glasi mkononi. Fikiria, anasema, watu wameshuka kwenye gari kando ya msitu, wamewasha moto, wamekula, wamepiga muziki, asubuhi wameondoka. Wadudu na ndege na wanyama waliokuwa wamejificha usiku kucha wanatoka na kukuta nini? Oili iliyomwagika, plagi za injini zilizotupwa, vitambaa, balbu zilizoungua. Sisi ndio wale wadudu. Dhana hii inanichoma zaidi ya uvamizi wa aina yoyote niliowahi kusoma, kwa sababu haimwachii binadamu hata heshima ya kuwa adui.

Sasa turudi kwenye jinsi ilivyoandikwa, maana bila hapo hizo 380 hazionekani uzito wake.

Arkady alizaliwa mwaka 1925, Boris mwaka 1933. Wakati Leningrad ilipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, familia iligawanyika: Januari 1942 baba aliondoka na Arkady, Boris akabaki na mama mjini. Baba hakufika mbali, alifia Vologda. Walipokuwa watu wazima bado waliishi mbalimbali. Mkubwa alikuwa Moscow, mtaalamu wa Kijapani aliyewahi kuwa mkalimani jeshini. Mdogo alikuwa Leningrad, mnajimu wa kisayansi aliyefanya kazi kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Pulkovo. Kuna kisa kinachopendwa sana na wasomaji wao, kwamba walikuwa wakikutana kwenye mgahawa wa stesheni ya treni katikati ya miji hiyo miwili, wanakunywa chai na kuandika mpaka treni za kurudi zifike. Ni kisa kizuri, na ni cha uongo. Walikutana nyumbani kwa mama yao Leningrad, au walijifungia kwenye nyumba za mapumziko za waandishi, kama ile ya Komarovo ufukweni mwa Ghuba ya Ufini.

Mmoja anakaa kwenye taipureta. Mwingine amejinyoosha kwenye kochi, au anazunguka chumbani. Mmoja anatamka sentensi. Mwenziwe anaikataa, anatoa yake, nayo inakataliwa, mpaka ipatikane moja wanayoivumilia wote wawili, ndipo inapigwa chapa. Halafu sentensi inayofuata. Hivyo, kitabu kizima. Mwanzoni mwa uandishi wao walijaribu njia nyingine, kila mmoja aandike kivyake halafu wabadilishane, wakaziacha.

Mimi na rafiki yangu tuliwahi kugawana sura za hadithi ndefu, wewe hii mimi ile. Mtu yeyote akiisoma anaona mahali tulipokabidhiana: ghafla mhusika anaanza kuongea kama mtu aliyesoma chuo. Kwa ndugu hawa huoni popote. Nimesoma Piknik nikiitafuta mishono kwa makusudi, maana ndiyo kazi yangu, na sikuipata hata pale ambapo riwaya yenyewe inabadili msimulizi. Sura ya kwanza anasimulia Red mwenyewe kwa kinywa chake. Kuanzia ya pili anasimuliwa. Ya tatu tunamtazama mtu mwingine kabisa, Richard Noonan, mnene, mchangamfu, mwenye siri zake. Kila mara sauti inabadilika, na kila mara inabadilika kwa sababu ya mhusika.

Nadhani siri iko kwenye kule kutamka. Sentensi iliyopita kwenye vinywa viwili kabla ya kufika kwenye karatasi haiwezi kuwa ya kimaandishi sana, mwenzako ataicheka. Ndiyo maana Red anaongea kama mtu aliyekaa meza ya jirani baa. Na ndiyo maana orodha ile ya maneno 251 ni jambo la ajabu. Kila neno lililodaiwa kuwa chafu lilikuwa limeshapingwa, kwa sauti, na mtu mwenye haki kamili ya kulizuia, likashinda.

Wazo lenyewe liliwajia Komarovo, Februari 1970, na waliliandika kwenye daftari kama habari ya nyani na kopo la bati. Tarehe 19 Januari 1971 walianza rasimu. Tarehe 3 Novemba mwaka huohuo walikuwa na nakala safi. Katikati waliacha wakafanya mambo mengine, kwa hiyo muda halisi wa kuandika ulikuwa mfupi zaidi ya unavyoonekana. Mwaka 1972 riwaya ilitoka kwa mfululizo kwenye Avrora, jarida la Leningrad, toleo la 7 hadi la 10. Hapo hapakuwa na vita. Jarida lilichukua, likachapa, wasomaji wakasoma.

Vita vilikuwa juu ya kitabu. Tangu 1971 ndugu hao walikuwa wakizungumza na Molodaya Gvardiya kuhusu mkusanyiko wa riwaya zao fupi uitwao Nenaznachennye vstrechi, yaani Mikutano Isiyopangwa, zote zikihusu binadamu kukutana na akili nyingine ngeni. Mkusanyiko huo ulitoka mwaka 1980. Miaka minane baada ya jarida.

Katikati ya miaka hiyo kuna barua. Barua za shirika kwa waandishi, za waandishi kwa shirika, malalamiko yaliyopanda mpaka Kamati Kuu ya chama, majibu yaliyoshuka yakisema hakuna tatizo, kisha tatizo linaanza upya kwa mtu mwingine. Wahariri waliokuwa wakiwapenda waliondolewa idarani, wakaja wengine. Mwaka huohuo wa 1972 riwaya yao nyingine, Gadkie lebedi, ilichapwa Ujerumani Magharibi na shirika la wakimbizi wa Kirusi la Posev bila idhini yao, na mwandishi wa Kisovyeti aliyechapwa na Posev alikuwa amebandikwa alama hata kama hakuomba. Miaka minne kabla, jarida la Angara huko Siberia lilikuwa limechapa Skazka o troyke, kichekesho chao juu ya watendaji wa ofisi, na matoleo hayo yakaondolewa maktabani. Kwa hiyo majina yao yalikuwa na harufu tayari.

Lakini kinachonivutia ni kwamba hakuna aliyepata kosa la kisiasa ndani ya Piknik. Boris mwenyewe anashangaa jambo hili kwenye maelezo yake. Harmont ni mji wa nchi ya kibepari. Kila kitu kinauzwa, pamoja na vitu vinavyoua. Wafanyabiashara wa magendo wanatajirika, jeshi linatafuta silaha, maskini ndiye anayetambaa kwenye majani usiku na kurudi bila miguu. Afisa wa propaganda mwenye akili angekipokea kitabu hiki kwa mikono miwili. Badala yake, walikaa wakahesabu mara ngapi Red anafungua chupa.

Nimelifikiria hili kwa muda mrefu, na kwa sehemu naelewa. Shirika lilikuwa la vijana, na ofisi inayochapisha kwa ajili ya vijana, popote duniani, huanza kumwogopa mzazi ambaye hajaandika barua bado. Mhariri anasoma akiwa na huyo mzazi begani. Nimeshakaa kwenye kikao ambapo sura nzuri ilikatwa kwa sababu mhusika alivuta sigara, na kila mtu mezani alijua kwamba sura ni nzuri. Hakuna aliyekuwa mwovu mle chumbani. Kila mmoja alikuwa anamlinda aliye juu yake.

Sehemu nyingine siielewi, au tuseme siisamehi. Lugha ya Red katika riwaya hii si nakshi inayoweza kubanduliwa. Wanasayansi wa taasisi wana majina yao marefu ya kitaalamu kwa yale yaliyomo ndani ya Eneo. Stalka wana ya kwao. Mahali ambapo mvutano wa ardhi unakuwa mkali ghafla na kumponda mtu kama karatasi, wao wanapaita kipara cha mbu. Ute wa bluu unaoyeyusha mifupa ni mchuzi wa wachawi. Visahani viwili vya shaba vilivyotenganishwa na hewa tupu, ambavyo hakuna nguvu inayoweza kuvisogeza vikakaribiana wala kuvitenga, ni matupu, basi. Stalka anajua asikanyage wapi. Anarusha nati mbele yake, anaangalia inavyoanguka, ndipo anapiga hatua. Maarifa yote ya kubaki hai yako kwenye midomo ya watu hawa wachafu. Ukimfundisha Red kuongea vizuri, unabaki na mtu ambaye angekufa ukurasa wa kumi.

Na vurugu? Fungu la vitendo vya kuumizana lilikuwa dogo kuliko yote, 36 tu. Kitabu kinachohusu mahali panapovunja mifupa kilionekana kuwa na hatari kubwa zaidi kwenye matamshi.

Toleo la 1980 lilipotoka, Boris anasema, lilikuwa limeharibiwa kiasi kwamba hakupenda hata kulishika. Namwamini. Nimeona waandishi wakiwa na kitabu chao kipya mkononi, wanatabasamu kwa ajili ya picha, na kidole gumba kimeziba jalada.

Kuna upande wa kuchekesha katika kalenda hii. Wakati shirika la Moscow bado linahesabu maneno, Macmillan ya New York ilikuwa imeshatoa tafsiri ya Kiingereza ya Antonina W. Bouis, mwaka 1977, ikiwa na dibaji ya Theodore Sturgeon, mwandishi wa Marekani wa hadithi za kisayansi, tena imefungwa pamoja na ile Skazka o troyke iliyoondolewa maktabani. Mwaka 1979 ikatoka filamu ya Andrei Tarkovsky, Stalker, kwa hati waliyoiandika ndugu wenyewe, ambayo waliiandika upya mara nyingi kwa sababu Tarkovsky alikuwa hajui anachotaka ila alikijua asichokitaka. Picha za nje za mwanzo ziliharibika maabara, ikabidi filamu ianze upya huko Estonia. Mwishoni karibu kila kitu cha riwaya kilikuwa kimeondolewa: mitego, matupu, magendo, hata ukali wa Red. Wakabaki watu watatu, nyasi, na maji. Ni kazi kubwa, siikatai. Ila ukitazama filamu ukadhani umesoma kitabu, umekosea njia mapema sana.

Kwa hiyo msomaji wa Marekani alikishika kitabu, na mtazamaji wa Moscow akaketi mbele ya filamu, kabla raia wa kawaida wa Kisovyeti hajaweza kukiweka kitabu hicho kwenye rafu yake. Aliyekuwa na bahati alikuwa ameyatunza yale matoleo manne ya Avrora.

Ndugu hao walijifunza kitu, na walijifunza upesi. Mwaka 1972 walimaliza riwaya nyingine, Grad obrechyonny, ambayo hawakuipeleka kwa mchapishaji yeyote. Waliipiga chapa nakala chache, wakazikabidhi kwa watu wanaowaamini, wakanyamaza. Ilichapwa kwenye jarida la Neva mwaka 1988 na 1989, upepo ulipobadilika. Kama mhariri ningependa kusema kwamba kila kitabu kinahitaji mhariri, na huwa nalisema hilo kwa watu wanaonilipa, lakini Grad obrechyonny ilikaa gizani zaidi ya miaka kumi na mitano bila mkono wa mtu na ni kitabu kizima.

Arkady alifariki Oktoba 1991, wiki chache kabla nchi yenyewe haijafutika. Boris aliandika riwaya mbili peke yake baada ya hapo, kwa jina la bandia la S. Vititsky, kwa sababu jina la Strugatsky waliliona ni la wawili. Alieleza hali yake kuwa ya mtu anayeendelea kukata gogo kwa msumeno wa watu wawili, akiwa peke yake. Alifariki Novemba 2012.

Mwaka huohuo wa 2012 Chicago Review Press ilitoa tafsiri mpya ya Olena Bormashenko, kutoka kwenye matini iliyorejeshwa kama waandishi walivyoitaka, ikiwa na dibaji ya Ursula K. Le Guin na yale maelezo ya Boris mwishoni. Ukitaka kukisoma kwa Kiingereza, chukua hiyo. Red wa Bormashenko ana pumzi. Sentensi zake ni fupi, zinaruka, na anapokasirika unajua. Ile ya Bouis ya 1977 ukiikuta kwenye vitabu vya mitumba usiiache, kwanza kwa sababu ya Sturgeon, pili kwa sababu ilifanywa kabla ya makasi ya 1980 kufika, lakini iweke ya pili. Dibaji ya Le Guin isome baada ya riwaya, inafichua zaidi ya inavyotakiwa.

Maelezo ya Boris unaweza kuanza nayo kama nilivyofanya mimi. Hayaharibu kisa. Sehemu kubwa yake ni barua za ofisi.